Tutunze Meza Zetu za Fomaika

(Haya ni maneno tuliyoyasema katika mkutano wa vikundi vya akina mama na vijana. Wengi waliomba yaandikwe ili wale ambao hawakuweza kufika nao wayasome.)

  Mmezoea kutuona mbele yenu tukizungumza juu ya kuku, ng'ombe wa maziwa, vyoo, maji safi na akiba. Leo mtashangaa kidogo, maana tumekuja na meza. Hii mnayoiona hapa mbele tumeibeba kutoka kwa shule ya watoto wadogo. Tafadhali, tukimaliza kuzungumza, piteni hapa mmoja mmoja muipapase kwa mkono. Ina hadithi yake, na hadithi hiyo haitusifu.

Mnakumbuka meza hizi zilinunuliwa namna gani. Kikundi chetu kilichanga pole pole, kila mama na kidogo chake, halafu tukafanya harambee ndogo kumalizia deni. Mwaka wa 2021 tukapata meza 12 zenye fomaika nyeupe juu. Watoto walifurahi, na sisi pia tulifurahi.

Mwaka uliofuata, siku chache kabla ya siku ya wazazi, tuliamua kuzisafisha wenyewe ili wageni wazikute zinang'aa. Tulikuja na ndoo, unga wa kusugulia, jiki, na waya wa kusugulia sufuria. Tulizitoa nje uwanjani, tukazimwagia maji, tukasugua huku tukiimba. Kisha tukaziacha hapo zikauke. Siku ya wazazi zilikuwa nyeupe pe pe pe, nasi tukapigiwa makofi.

Baada ya miezi michache mambo yakageuka. Meza zilianza kuonekana chafu kila siku. Uji ukimwagika, alama inabaki. Rangi za watoto hazitoki. Pembeni, mbao zilifura kama mkate uliolowa, na fomaika ikaanza kuinuka. Basi tukaitana mkutano. Na tulimlaumu nani? Tulimlaumu yule mama anayefagia shule. Tulisema ni mvivu, haoshi vizuri. Tulimweka mbele yetu tukamkemea, na wengine wetu wakasema akatwe mshahara. Yeye alijibu neno moja tu: "Mimi nafuta kila jioni." Hatukumsikia.

Halafu tukamwita fundi atuambie gharama ya kutengeneza. Fundi alipofika aliinama, akaangalia uso wa meza dhidi ya mwanga wa dirisha, akapitisha kucha yake juu. Akauliza, "Mama zangu, ni nani alisugua hii meza na waya?" Kukawa kimya. Akaendelea, "Hizi meza hazikuharibiwa na watoto, wala huyu mama hakuziharibu. Ziliharibiwa siku moja tu, siku ile ya kuoshwa."

Tulirudi kwa yule mama tukamwomba msamaha, na mshahara wake haukuguswa. Lakini tuliona kwamba msamaha peke yake hautoshi. Katika nyumba ngapi mtu analaumiwa kwa meza au kabati iliyoharibika, na kumbe hakuna aliyemfundisha kuitunza? Wakati mwingine ni msichana wa kazi, wakati mwingine ni mtoto, wakati mwingine ni bibi ya nyumba mwenyewe. Kwa hivyo tulikaa na yule fundi tukajifunza, na leo tunawaletea yale tuliyojifunza.

FOMAIKA NI KITU GANI?

Watu wengi hufikiri fomaika ni plastiki ngumu mpaka chini. Wengine hufikiri ni mbao iliyopakwa rangi. Si hivyo. Fomaika imetengenezwa kwa karatasi nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Zile za chini ni karatasi za kahawia, kama zile za mifuko ya simiti, zilizolowekwa katika gundi ya kiwandani. Juu yake kuna karatasi moja yenye rangi au picha ya mbao, nayo imelowekwa katika gundi nyingine ngumu inayoitwa melamini. Zote hubanwa pamoja kwa nguvu nyingi na joto la zaidi ya nyuzi 120, mpaka zinakuwa kitu kimoja kigumu chenye unene wa kama milimita moja. Halafu fundi anaibandika juu ya ubao.

Jina lenyewe lilitoka Marekani. Mwaka wa 1912 mabwana wawili, Herbert Faber na Daniel O'Conor, walikuwa wakitafuta kitu cha kutumia katika mitambo ya umeme badala ya madini yanayoitwa mika. Kwa lugha yao, maneno yenye maana ya "badala ya mika" yakatoa jina Formica, na mwaka wa 1913 wakaanzisha kampuni yao mjini Cincinnati. Leo sisi huita karibu kila kitu cha namna hii fomaika, hata kama kimetoka kiwanda kingine.

Lakini tuwe macho. Vyombo vingi vinavyouzwa siku hizi, kama vile meza za televisheni, kabati za nguo na rafu za vitabu, havina fomaika nene. Vina karatasi moja nyembamba tu yenye melamini, iliyobanwa moja kwa moja juu ya ubao. Na ule ubao wenyewe si mti uliopasuliwa. Ni vipande na unga wa mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Mafundi huuita chipubodi, na ule laini zaidi huuita MDF. Ukitaka kujua chako ni kipi, angalia ukingo wa chini au ule wa nyuma ambao haukufunikwa. Ukiona punje punje za mbao, hiyo ni chipubodi.

Kwa nini tunaeleza haya yote? Ni kwa sababu ukielewa kitu kilivyo ndani, utajua kinaumizwa na nini. Ule uso unaong'aa ni kama ngozi ya mtu. Ngozi ikiwa nzima, uchafu unakaa juu na unafutika. Ngozi ikichubuka, uchafu unaingia ndani. Na ngozi ya fomaika haioti tena.

MAADUI WANNE

Adui wa kwanza ni mikwaruzo. Waya wa sufuria, mchanga, majivu na unga wa kusugulia vinafaa kwa sufuria iliyoungua, lakini havifai hapa. Vinaacha mistari midogo ambayo jicho halioni siku ya kwanza. Mafuta na uchafu vinajificha katika mistari hiyo, meza inaonekana chafu, nawe unasugua zaidi. Unavyozidi kusugua ndivyo unavyozidi kuiharibu. Kisu nacho ni vivyo hivyo. Tusikatie sukuma wiki wala nyama juu ya fomaika. Tutumie ubao wa kukatia.

Adui wa pili ni maji, na hapa tusikilizane vizuri. Uso wa fomaika hauogopi maji. Kinachoogopa maji ni ule ubao wa chini, na maji huingia kwa njia ya kingo, viungo na matundu ya misumari. Chipubodi ikinywa maji inafura, na hata ikikauka hairudi ilivyokuwa. Ndiyo sababu kumwagia meza ndoo ya maji ni makosa makubwa kuliko kuacha doa la chai.

Kabati nyingi hazinywi maji kutoka juu. Hunywa kutoka chini, tunapopiga deki. Kabati imesimama juu ya sakafu ya simiti, kila asubuhi tunapitisha tambara lenye maji mengi, na maji yanabaki chini yake. Baada ya mwaka mmoja miguu imefura na mlango haufungi. Dawa yake ni rahisi. Kata vipande vya mpira wa gurudumu kuukuu, uviweke chini ya kila pembe ili kabati iinuke kidogo. Pia mwombe fundi apake vanishi au rangi ya mafuta katika kingo zote za chini na za nyuma ambazo ziko wazi.

Adui wa tatu ni moto. Fomaika huvumilia kikombe cha chai bila shida. Lakini sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi si kikombe. Maji yanayochemka hufika kama nyuzi 100, na hata pungufu kidogo huku kwetu milimani, lakini karai la mafuta ya mandazi hufika kama nyuzi 180. Ukiliweka hapo, uso unaweza kupasuka, kufanya malengelenge au kubadilika rangi. Hata joto ambalo si kali sana, likikaa pahali pamoja kwa muda mrefu, hulegeza gundi iliyoshika fomaika na ubao. Weka kibao au kitambaa kinene kilichokunjwa chini ya kila sufuria. Pasi, mshumaa usio na kisahani na dawa ya mbu ya kuchoma pia vimeacha alama nyeusi katika nyumba nyingi. Alama ya kuungua haitoki.

Adui wa nne ni dawa kali. Dawa ya kuoshea choo, asidi ya betri na kostiki soda hula ule uso. Jiki ikimwagika bila kuchanganywa na maji na ikae, inaweza kufifisha rangi.

USAFI WA KILA SIKU

Basi tufanye nini? Kazi yenyewe ni ndogo kuliko ile tuliyozoea.

Kwanza, pangusa vumbi na makombo kwa kitambaa laini. Usianze kusugua juu ya vumbi, kwa maana vumbi lina mchanga. Fulana kuukuu ya pamba ni nzuri kuliko kitambaa kingi cha dukani, lakini toa vifungo na zipu kwanza.

Pili, chukua maji ya uvuguvugu katika beseni, utie sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Kijiko kimoja cha chai kwa beseni kinatosha. Povu jingi si dalili ya usafi. Sabuni ikibaki juu ya meza inakuwa utando unaonata na kuvuta vumbi.

Tatu, chovya kitambaa na ukikamue vizuri. Kisitone. Hilo ndilo neno kubwa la leo: kitambaa kisitone. Futa kutoka katikati kuelekea pembeni bila kutumia nguvu.

Nne, futa tena kwa kitambaa kingine chenye maji safi, nacho kiwe kimekamuliwa, ili kutoa sabuni.

Tano, kausha kwa kitambaa kikavu, hasa kingo na pahali ambapo vipande viwili vimeungana. Watu wengi huacha hatua hii, na hii ndiyo inayookoa ubao.

Kazi hii yote haichukui dakika tano. Nta na mafuta ya kung'arisha mbao hayahitajiki, maana fomaika haiyanywi. Hubaki juu na kushika vumbi.

MADOA

Doa likionekana, anza na njia ya upole. Usikimbilie dawa.

Chai, kahawa, uji na mchuzi: weka kitambaa chenye maji ya sabuni juu ya doa kwa dakika kadhaa, doa lilainike, kisha futa. Likikataa, koroga bikaboneti ya soda na maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito. Huu ni ule unga mweupe unaouzwa dukani kwa kuokea. Si magadi ya kupikia githeri. Paka juu ya doa, subiri dakika chache, kisha ufute taratibu bila kusugua kwa nguvu, kwa sababu hata unga huo una punje.

Wino wa kalamu: tia spiriti ya dukani kidogo katika pamba au kitambaa cheupe, jaribu kwanza mahali palipojificha, kisha gusagusa doa. Malizia na maji ya sabuni, halafu kausha. Spiriti inashika moto haraka, kwa hivyo isitumiwe karibu na jiko, taa ya mafuta wala mshumaa.

Nta ya mshumaa: iache igande, kisha ibandue kwa ukingo wa kijiko cha plastiki au kipande cha kadi. Usitumie kisu.

Mtoto akitapika au akiharisha juu ya meza, osha kwanza kwa sabuni. Baada ya hapo unaweza kutumia jiki iliyochanganywa na maji kama chupa inavyoagiza. Iache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, halafu ufute kwa maji safi na ukaushe. Isiachwe ikauke hapo yenyewe.

ONYO

Kuna mambo mawili ambayo si ya meza tena, ni ya uhai.

La kwanza, tusichanganye jiki na kitu chochote isipokuwa maji. Ikikutana na dawa ya choo yenye asidi, au hata siki, hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Ikikutana na dawa yenye amonia, pia hutoa hewa ya sumu. Kuna watu hufikiri kwamba dawa mbili pamoja zina nguvu kuliko moja. Jambo hili limewalaza watu hospitalini. Likitokea kwa bahati mbaya, toka nje upate hewa safi, wala usiiname juu ya beseni.

La pili, tusiweke jiki, spiriti wala mafuta taa katika chupa za soda. Mtoto hajui kusoma, anajua chupa. Tuziweke katika chupa zake zenye maandishi, juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

UKINGO UKIANZA KUINUKA

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukingo ulioinuka kidogo leo ni kazi ya gundi kidogo. Ukiuacha mwaka mzima, utanunua meza nyingine.

Toa uchafu ndani ya ufa kwa brashi ya meno iliyokwisha kazi, kisha uache pakauke kabisa, hata siku mbili. Ukifungia maji ndani, umefanya kazi bure. Tia gundi nyeupe ya mbao, bonyeza, na ufute ile inayotoka nje. Weka karatasi ya nailoni juu, kisha kibao, kisha kitu kizito kama gunia la mahindi. Acha mpaka kesho yake.

Kama ubao umeshafura, gundi haitasaidia, mwite fundi. Wakati mwingine anaweza kukata sehemu ile iliyofura, au kubandika fomaika mpya. Fundi akitumia ile gundi ya kunata yenye harufu kali, madirisha yawe wazi na jiko lizimwe.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja aliuliza kama kufunika meza kwa vitambaa vya kufuma au vya plastiki ni vizuri. Tulimjibu kwamba inasaidia kuzuia mikwaruzo, lakini kitambaa cha plastiki huficha maji chini yake. Kiinuliwe kila siku, meza ikaushwe.

Kijana mmoja aliuliza juu ya doa la manjano ya kupikia. Hilo ni gumu. Jaribu sabuni, halafu bikaboneti. Rangi ikibaki, usianze kukwangua. Manjano hufifia kwa mwanga wa jua, kwa hivyo sogeza meza karibu na dirisha na uwe na subira.

Baba mmoja aliuliza, "Na kama tumeshaikwaruza kama nyinyi?" Tulicheka pamoja naye, lakini swali lilikuwa la maana. Mng'ao uliopotea haurudi. Meza kama hiyo bado inaweza kutumika, ila ifutwe mapema, kabla uchafu haujaganda, na mara kwa mara ipitishwe brashi laini yenye maji ya sabuni, halafu ikaushwe. Hivyo ndivyo tunavyofanya sasa. Katika zile meza 12, fundi aliweza kuokoa 9. Tatu tulilazimika kuziondoa, na hii mnayoiona hapa ni moja yazo. Mchango wa kununua nyingine tumeuanza sisi wenyewe tuliosugua.

Yule mama anayefagia shule yuko hapa pamoja nasi. Tumemwomba asimame awaonyeshe namna ya kukamua kitambaa, maana katika sisi sote yeye ndiye aliyekuwa akifanya vizuri tangu mwanzo. Mtazameni, kisha mkajaribu nyumbani jioni ya leo.